Mcheza Kwao Hutuzwa Soda

Kreti ya soda ina chupa 24. Kikundi cha ngoma cha chuo anachosomea mpwa wangu hapa Kisumu kina vijana 22. Siku ya mahafali, baada ya kumchezea mgeni rasmi isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, Waluhya wa Kakamega, mpaka mwenyewe akainuka kitini kutikisa mabega, vijana hao waliletewa kreti moja nyuma ya hema, pamoja na mikate iliyokatwa nusu nusu. Kila mmoja akachukua chupa yake. Zikabaki mbili. Kijana mmoja wa kupiga ngoma, jasho likimtiririka, akanyoosha mkono aongeze. Mama aliyeleta kreti akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba hizo zimehesabiwa, zinarudi ofisini.

Mimi nilikuwa nimekwenda kumtafuta mpwa wangu nimpe pongezi. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa mtaro, miguu ameinyoosha mbele, nyayo zikitazama juu. Walikuwa wamepangiwa kucheza kwenye maegesho ya magari kwa sababu nyasi zote zilikuwa zimefunikwa na hema za wageni, na saa sita mchana jua la Kisumu halimhurumii mtu aliye peku juu ya lami.

"Mjomba, leo tulikuwa chapati juu ya kikaango," akaniambia huku akicheka.

Kwenye unyayo wa kulia, chini ya kidole gumba, lengelenge lilikuwa limeshavimba. Alilibonyeza kwa ncha ya kidole kana kwamba ni la mgonjwa fulani (anasomea uuguzi), akalibandika plasta, akavaa soksi, akavaa viatu vyeupe vya wodini. Njuga akazitia kwenye begi pamoja na daftari. Saa nane alitakiwa awe zamu.

Mcheza kwao hutuzwa. Sidhani kuna mtoto aliyesoma Kenya ambaye hakuwahi kuandikia methali hii insha. Tumeizoea hata hatuisikii tena. Ukiisikiliza vizuri, haisemi kwamba mcheza kwao hupigiwa makofi. Inasema hutuzwa, na kutuza ni kazi ya mkono: unainuka, unamwendea mchezaji pale pale uwanjani, unampa kitu mbele za watu. Tangu siku ya mahafali yale nimekuwa nikiizungusha kichwani, nikijiuliza kama bado ni ya kweli, na kama si ya kweli, iliacha kuwa kweli lini.

Jumapili iliyofuata tulipiga hesabu, mimi na yeye, juu ya gazeti kuukuu. Mazoezi yalichukua wiki sita, jioni nne kila wiki, saa mbili kila jioni. Hizo ni saa 48 kwa kila mchezaji, mbali na nauli ya tuktuk kurudi Manyatta giza likishaingia, na mbali na kitambaa walichojinunulia Kibuye. Kwa vijana 22 zinakuwa saa 1,056. Mwenye hema alilipwa. Najua kwa sababu niliketi karibu naye, akaniambia hashushi hata nguzo moja kutoka kwenye gari kabla pesa ya kwanza haijaingia kwenye simu. Mwenye spika alilipwa, mpiga picha alilipwa, aliyeoka keki alilipwa. Waliofanya kazi siku ile bila bei ni wale tu ambao wageni wote walikuwa wakiwarekodi.

Najua jibu linalokuja. Hao ni wanafunzi, wanajifurahisha, ni kipaji chao, na chuo kimewapa nafasi ya kuonekana. Ni kweli wanajifurahisha. Mpwa wangu akisikia ngoma anabadilika uso. Lakini huenda mwenye hema naye anazipenda hema zake, na hilo halikumzuia mtu kumlipa.

Mazungumzo kuhusu mwanafunzi anayependa densi huwa tunayageuza kuwa ugomvi wa kifamilia: mzazi mkali upande mmoja, kijana mwenye ndoto upande wa pili, na katikati swali la kama atafeli mitihani. Mimi naona ugomvi huo ni wa juu juu. Vijana wapendao kucheza tunao tele kuanzia Bungoma mpaka Homa Bay, na wazazi huja kulainika. Kinachonisumbua ni kwamba taasisi zetu ziliichukua ngoma kutoka kijijini zikaacha huko utaratibu uliokuwa ukimlipa mchezaji. Kisha zikaendelea kudai ngoma haina bei kwa kuwa ni utamaduni wetu.

Nieleze ninavyoliona.

Dada yangu, mama wa msichana huyu, anaishi upande wa Shinyalu. Ana ng'ombe wawili. Wa tatu alishageuka karo. Hunipigia simu jioni akimaliza kukamua.

"Kaka, mwambie mtoto wako aachane na hayo mambo," huniambia. (Akifanya vizuri ni mtoto wake, akicheza ni mtoto wangu.) "Nilimpeleka kujifunza kudunga sindano. Ngoma ya watoto haikeshi."

Lakini dada yangu huyo huyo, arusi ikifika, huwa kwenye safu ya mbele ya wanawake. Matanga yakitokea kijiji cha tatu, anaacha maziwa jikoni anakwenda. Siku moja nilimkumbusha hilo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema neno ambalo sijalisahau:

"Mimi huwa sichezi. Mimi huwa nazika watu."

Hapo ndipo penye kiini. Kwa dada yangu isukuti haijawahi kuwa burudani. Ni wajibu kama kuchota maji ya matanga. Tulipomzika baba yetu, watu walivuka kilima na ngoma zao tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, na pembe ya swala, wakatuchezea tangu alfajiri. Hakuna aliyetia sahihi mkataba. Walikula, mwimbishaji akapewa kuku, wakaenda. Mwaka uliofuata kwao kulifiwa, na mama yangu, aliyekuwa na goti bovu, akasema lazima twende. Mama hakuwa na daftari lakini alijua ni nani waliotuchezea, wangapi, na walikesha au hawakukesha. Ngoma ile haikuwa ya bure hata kidogo. Ilikuwa deni, na deni hilo lilizunguka kati ya nyumba na nyumba, likilipwa kwa ngoma nyingine, kwa chakula, kwa kuja kushika jembe.

Sasa utoe mchezo huo nyumbani uupeleke chuoni, au kwenye uzinduzi wa barabara, au kwenye lori la kampuni inayotangaza sabuni mpya. Chuo hakifiwi. Kampuni ya sabuni haitavuka kilima kuja kukuchezea siku utakapokuwa na msiba. Mzunguko umekatika, lakini ile desturi ya kutotaja bei, ambayo ilikuwa na maana ndani ya mzunguko, imebaki na inamfaidi upande mmoja tu. Ndiyo maana husikii mtu akisema "ni utamaduni wetu" anapomlipa mwenye spika.

Kuna kejeli hapa ambayo dada yangu hataipenda nikiiandika, lakini naiandika. Mahali ambapo methali ile bado ina nguvu kamili mjini Kisumu ni klabu za ohangla. Nenda Kondele Ijumaa usiku. Ohangla, ambayo kwa asili ilikuwa ngoma ya watu wazima, ikipigwa kwa ngoma zilizowambwa ngozi ya kenge, sasa inapigwa kwa kinanda na spika kubwa, na mchezaji akinengua vizuri mtu anainuka mezani na noti mkononi. Anatuzwa pale pale mbele za watu, kama methali inavyotaka. Vivyo hivyo kwenye zile disko matanga ambazo machifu na wakuu wa kaunti wamekuwa wakizipiga marufuku miaka nenda miaka rudi kwa sababu ya yale yanayowapata watoto wa shule gizani. Huko ndiko mzazi anakokuogopa, na ana haki kuogopa. Basi msichana anayetaka ustadi wake uthaminiwe ana njia mbili: mchana kwenye lami kwa soda, au usiku kwa noti na vidole vya walevi. Tunamwambia achague ya kwanza kwa heshima, halafu tunashangaa akichelewa kurudi hosteli.

Nisiwe mwizi wa fadhila. Kuna jambo moja ambalo taasisi zetu zimefanya vizuri, nalo ni Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927 na ambalo hadi leo linashirikisha watoto wa chekechea mpaka vyuo vikuu. Bila tamasha hilo, mpwa wangu, Mwisukha wa damu, asingejua dodo ya Waluo, na rafiki yake kutoka Siaya asingejua jinsi bega linavyotangulia kiuno katika isukuti. Nimewahi kuona shule ya huku Nyanza ikicheza ngoma ya Wagiriama mpaka ukadhani wamelelewa Kaloleni ya Pwani. Katika nchi ambayo kila baada ya miaka mitano hukumbushwa ukabila kwa nguvu, mtoto kujifunza kusogeza mwili wake kama jirani yake anavyousogeza ni elimu ambayo sijaiona kwenye kitabu.

Hata hivyo, angalia kombe linalala wapi. Kikundi kikishinda, kombe huingia kwenye kabati la kioo ofisini kwa mkuu, cheti hupigwa chapa, picha hupigwa, na mchezaji hurudi darasani. Akimaliza masomo anaondoka bila hata barua inayosema alikuwa kiongozi wa safu, alipanga hatua, alifundisha wenzake 20 kwa miaka mitatu. Mwenzake aliyekuwa nahodha wa voliboli atajieleza kwenye usaili wa kazi na watu wataitikia kwa kichwa. Yeye akisema alikuwa anacheza ngoma, watatabasamu.

Serikali nayo ina tabia zake. Mwaka 1971 ilianzisha Bomas of Kenya pale Lang'ata ili ngoma za makabila ziwe na nyumba. Muulize kijana yeyote leo Bomas ni nini, atakuambia ni mahali pa kujumlishia kura. Sisemi zaidi.

Mwaka 2014 isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO kwenye orodha yake. Nakumbuka furaha iliyokuwa Kakamega, hotuba, fulana. Hata sasa wanasiasa hupenda kulitaja jambo hilo wakiwa jukwaani kana kwamba tulishinda ligi. Lakini UNESCO ina orodha zaidi ya moja, na ile tuliyoingizwa ni ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Sababu zilizotolewa ni zile zile tunazozijua: wengi wa wanaoitunza ni wazee na hawana warithi, fedha hakuna, malighafi ya kutengenezea ala na mavazi ni adimu, na watazamaji wanaona afadhali burudani ya kisasa. Nilipomweleza mpwa wangu tofauti ya orodha hizo, alinikata kauli.

"Kwa hiyo Mjomba, tulilazwa ICU tukakata keki?"

Sikuwa na la kuongeza.

Tena yeye si mtu wa kung'ang'ania ya kale tu. Kwenye simu yake ana video ambazo isukuti ya dakika ya kwanza inageuka, bila wewe kuona ilipogeukia, kuwa mitindo ya Lagos na Johannesburg, kisha inarudi. Nimemwona akiirudia sehemu ya sekunde 15 mara 30 hivi, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, mpaka mguu ukatua pale alipotaka. Ningetaka wauguzi wote wa nchi hii wafunge bendeji kwa ukaidi huo. Video moja ilitazamwa sana na mtu mwenye duka la nguo akaitumia kutangaza biashara yake bila hata kuuliza. Sheria si kwamba haipo. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1993, na mkataba huo unazitaja kazi za kupanga hatua za densi miongoni mwa kazi zinazolindwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 11, inasema utamaduni ndio msingi wa taifa, na mwaka 2016 Bunge likapitisha sheria ya kulinda maarifa na sanaa za jadi. Kinachokosekana ni mtu wa kuandika ankara. Mchezaji wa densi hajazoea kuandika ankara kwa kuwa hakuna siku aliyoonyeshwa kwamba alichofanya kina bei.

Labda mtu atasema: basi akaisomee, aache uuguzi. Hapo nami nasita. Sipendi hadithi zetu za kijana aliyetupa vitabu akafuata ndoto, kwa sababu huwa tunasimuliwa na yule mmoja aliyefika. Na kuna mfano ambao nadhani unamfaa mpwa wangu zaidi. Pearl Primus alizaliwa Trinidad mwaka 1919, akakulia New York, akahitimu shahada ya biolojia chuo cha Hunter mwaka 1940. Alitaka udaktari. Maabara hazikumwajiri kwa sababu ya rangi yake, na ni katika kuhangaika huko na vibarua ndipo akaangukia kwenye densi. Ndani ya miaka michache alikuwa akizungumzwa mji mzima kwa jinsi alivyokuwa akiruka. Mwaka 1948 wakfu wa Rosenwald ulimpa fedha za kuja Afrika kujifunza ngoma kwa wenye ngoma, na miaka mingi baadaye, mwaka 1978, akapata uzamifu wa anthropolojia. Ile biolojia haikupotea. Mtu aliyefundishwa kuchunguza na kuandika anachokiona alikwenda vijijini akachunguza na akaandika alichokiona, ila mara hii alikuwa akichunguza miili inayocheza.

Mimi kinachonivutia katika maisha yake ni ule mwaka 1948. Kuna watu waliomwangalia mchezaji wakaamua tuzo yake ni safari ya utafiti. Kwa hesabu za leo za vyuo vyetu, ni nani angeweza hata kufikiria jambo kama hilo? Sisi wenye ngoma yenyewe, tulio umbali wa saa moja na nusu kwa matatu kutoka Kisumu hadi Shinyalu, hatujawahi kumlipia mwanafunzi mmoja wa kikundi kile nauli ya kwenda kukaa na wazee wanaojua nyimbo zilizosahauliwa, mwimbishaji akiwa bado hai.

Na saa inakwenda. Kundi la kwanza la mtaala mpya limeingia Gredi ya 10 mwaka huu wa 2026, na kati ya mikondo mitatu ya sekondari ya juu mmoja ni wa sanaa na michezo. Serikali ilikadiria asilimia 15 ya wanafunzi wataufuata, dhidi ya 60 wa sayansi na hisabati na 25 wa sayansi za jamii. Ndani ya mkondo huo kuna somo linaloitwa muziki na densi. Somo! Lenye kipindi kwenye ratiba na mtihani mwishoni. Sijui kama wazazi wamelitambua hilo. Dada yangu hakuamini nilipomwambia. Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara yenye jina hilo la muziki na densi, lakini idara moja haiwezi kutosheleza nchi. Walimu wa somo hili watatoka wapi? Ukiniuliza mimi, wengine wako nyuma ya mabweni ya vyuo vya Kisumu, Kakamega na Njoro jioni hii, wanahesabu mdundo kwa makofi kwa kuwa hawakuruhusiwa kutoa ngoma stoo. Tunawahitaji na hatujui kwamba tunawahitaji.

Nizungumzie sakafu kabla sijachoka, kwa maana ndilo jambo dogo kuliko yote na ndilo linalonikera kuliko yote.

Wahenga walisema asiyejua kucheza husingizia uwanja. Hawa wanajua kucheza na uwanja kweli ni mbovu. Wanafanyia mazoezi kwenye saruji ya nyuma ya jiko la chuo, mahali penye mteremko wa kupeleka maji machafu kwenye mtaro. Isukuti ni ngoma ya kupiga mguu chini. Ilizaliwa kwenye udongo na nyasi, ambako ardhi hunywa sehemu ya kishindo. Saruji hainywi kitu. Kila kishindo inakirudisha ndani ya muundi na goti. Ndiyo maana kumbi za densi zenye kujali huwa na sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya fito ili inepe kidogo. Senegal, Germaine Acogny alipojenga shule yake ya densi pale Toubab Dialaw aliiita Shule ya Mchanga, na mojawapo ya kumbi zake sakafu yake ni mchanga mtupu. Mchanga! Sisi wenye ziwa mlangoni tunakosa mchanga? Katika kikundi cha vijana 22, mpwa wangu ananiambia wanne hufunga muundi kwa bendeji kila jioni. Mmoja wa wapiga miguu bora alishaacha. Ana umri wa miaka 21 na goti la mama yangu.

Ukumbi wa mbao ni ghali, hilo naelewa. Lakini uwanja wa nyasi wa chuo upo, na saa kumi na moja jioni unatumiwa na mpira siku mbili tu kwa wiki. Niliwauliza kwa nini hawachezi huko. Walishaomba. Waliambiwa wataharibu nyasi. (Wenye njumu hawaharibu.)

Nilichowashauri ni kile kile ambacho mwenye hema angewashauri. Mwezi uliopita waliombwa kucheza kwenye hafla nyingine, safari hii ya kupokea wafadhili. Wakakaa chini wakaandika ankara: shilingi 1,500 kwa kila mtu, jumla 33,000, pamoja na maji ya kunywa, chakula cha mchana kile kile cha wageni, na kuchezea kwenye nyasi. Mpwa wangu ndiye aliyeiandika, kwa mwandiko ule wa faili za wagonjwa. Siku mbili zikapita kimya. Siku ya tatu kiongozi wao akaitwa akaulizwa nani amewafundisha ukaidi. Siku ya sita wakajibiwa kwamba nyasi wamepewa, na chakula pia. Kuhusu pesa, jambo linajadiliwa. Kwa mtu ambaye juzi alinyimwa chupa ya ishirini na tatu, naona hilo si haba, ingawa nimewaambia wasipige ngoma hata moja kabla jambo halijamalizika kujadiliwa. Sina hakika kama watanisikia. Ngoma zikiletwa uwanjani mikono huwa haisubiri barua.

Jumamosi iliyopita dada yangu alikuja mjini na gunia la mahindi mabichi. Mpwa wangu alikuwa ametoka zamu ya usiku, amelala saa tatu tu, lakini alitaka kujaribu kipande kipya kabla jioni haijafika. Akatandika mkeka juu ya saruji ya sebule yangu, akakunja na blanketi chini yake, simu akaiegemeza kwenye chupa ya chai. Akaanza. Mama yake alikuwa mlangoni mwa jikoni na kisu na hindi mkononi, uso ameukunja, hasemi kitu. Mara ya tatu, binti alipofika kwenye zamu ya mabega, dada yangu akaweka hindi chini.

"Sivyo," akasema. "Unaharakisha. Bega la kushoto linamsubiri mwimbishaji amalize, ndiyo unaingia. Hapo ndipo marehemu anatajwa."

Akafunga leso kiunoni vizuri, akavua viatu. Wawili hawakutoshea kwenye mkeka, kwa hiyo niliinuka nikasogeza meza.